Sura ya Saba: Kadi ya Sauti Isiyoomba Intaneti

Anayetaka kurekodi sauti Kasongo, mkoani Maniema, Kongo, ajiulize jambo moja kabla ya kutoa pesa: kadi hii ya USB, nikiichomeka kwenye Linux bila intaneti, itaitika? Jina la kampuni, wingi wa matundu na sifa za maiki vije baadaye. Dar es Salaam au Nairobi kadi ikigoma, mtu anafungua kompyuta nyingine, anashusha draiva, na jioni kazi inaendelea. Kasongo mega hununuliwa kwa kubana, mtandao huja na kuondoka, na duka la kurudishia kifaa kibovu liko Bukavu au Goma, mwisho wa barabara ambayo mvua za Maniema huikata zinapotaka. Huko, kadi inayodai ishushiwe kitu kwanza ni pesa iliyopotea.

Naandika hivi kwa kuwa Kasongo ina mengi ya kurekodi, na muda unapita. Mji huu ulikuwa makao makuu ya mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu mpaka majeshi ya Dhanis, afisa Mbelgiji, yalipoingia Aprili 1893. Kabambare, mashariki yake, ilianguka Januari 1894. Kiswahili kilichokuja na misafara ya pwani kilibaki na kuwa lugha ya soko, ya msikiti, ya kanisa na ya nyumbani. Tippu Tip mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini wachukuzi wake, wake za askari, mateka waliogeuka wenyeji na watoto wao hawakuandikiwa kitabu. Habari zao zimo vinywani mwa wajukuu, kwa Kiswahili, kwa Kikusu, kwa Kizimba, kwa Kibangubangu. Karibu zaidi nasi kuna mwaka 1964, waasi walioitwa Simba walipoishika Maniema. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati ule amekwisha vuka 70. Halafu kuna vita vya 1996 na 1998, ambavyo watu wa makamo wanavikumbuka kijiji kwa kijiji. Kuna maulidi, kuna kwaya za parokia, kuna nyimbo za wachimba dhahabu wa upande wa Namoya. Kila mwaka unaopita bila kurekodi, baadhi ya haya yanazikwa.

Simu inaweza kurekodi, na ikiwa simu ndiyo iliyopo, tumia simu leo. Lakini simu hupandisha na kushusha sauti yenyewe, ikijaribu kumsaidia msemaji. Mzee akinyamaza kutafuta jina la mtu, simu huivuta kelele ya kuku na pikipiki mpaka juu, na akianza tena kusema maneno yake ya kwanza yanapasuka. Kwa mazungumzo ya kawaida si neno. Kwa rekodi itakayosikilizwa redioni, au na mtafiti miaka 50 ijayo, ni hasara. Kadi ya sauti inakupa kitufe cha geini (nguvu ya sauti inayoingia) mkononi, tundu la maiki ya kweli, na saketi ya kugeuza sauti kuwa namba iliyowekwa mbali na joto na kelele za ndani ya laptopu.

Na kwa nini Linux? Kwa sababu laptopu nyingi zinazofikia mikono ya vijana wa Kasongo ni kuukuu, na mfumo ule wa dirisha wenye leseni ya kulipiwa umezilemea. Ubuntu au Debian huziamsha. Fleshi moja yenye Ubuntu, iliyotayarishwa Bukavu, inaweza kunakiliwa kwa mji mzima bila kumvunjia mtu sheria, maana leseni yenyewe inaruhusu.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha sura hii. Mwaka 1998 watengenezaji wa USB walikubaliana kanuni ya wazi ya namna kadi ya sauti inavyojitambulisha kwa kompyuta: nina njia mbili za kuingiza, mbili za kutoa, ninasoma sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Kadi inayoifuata kanuni hiyo haihitaji draiva ya kampuni yake. Mwaka 2006 ikatoka kanuni ya pili, ya kadi zenye njia nyingi na kasi kubwa. Upande wa Linux, Mcheki Jaroslav Kysela alianza mwaka 1998 mradi wa ALSA, ambao ndio unaoshika sauti ndani ya kiini cha Linux mpaka leo. Sehemu yake moja, snd-usb-audio, kazi yake ni kuzipokea kadi zote zinazofuata kanuni hizo. Kanuni ya pili ilianza kufanya kazi kwenye Linux mwaka 2010. Windows iliipokea kwa draiva yake yenyewe mwaka 2017. Kwa miaka saba, mwenye Linux alichomeka kadi ya namna hiyo na kuendelea na kazi, huku jirani yake akitafuta tovuti ya kampuni. Wanaosema Linux na sauti haviivani wanasimulia habari za zamani.

Maana yake kwa mnunuzi ni nyepesi. Usitafute maandishi ya Linux kwenye sanduku, kwa kawaida hayapo. Tafuta maandishi yanayosema kadi inafanya kazi na iPad bila kuweka programu yoyote. iPad nayo hutegemea kanuni ileile, kwa hiyo kadi inayoitika kwenye iPad karibu kila mara itaitika kwenye Linux. Behringer UMC22 na UMC202HD ni za namna hiyo. Ya kwanza husoma biti 16 na ina tundu moja la maiki. Ya pili husoma biti 24 na ina matundu mawili. Focusrite Scarlett ni nzuri pia, ila zile za kizazi cha tatu, zilizotoka mwaka 2019, zina tabia moja ya kujua mapema. Ikiwa mpya, hujitangaza kwa kompyuta kana kwamba ni fleshi yenye ukurasa wa kujiandikisha, na mpaka uitoe kwenye hali hiyo baadhi ya uwezo wake hauonekani. Dawa yake ni kushikilia kitufe cha 48V wakati wa kuichomeka, kisha kuichomoa na kuichomeka upya. Haihitaji intaneti.

Jihadhari na vifaa vya zamani vinavyouzwa rahisi kwa sababu mwenyewe kashindwa navyo. M-Audio Transit, kwa mfano, haikai na programu yake ndani. Kila ikichomekwa hungoja kompyuta iipakie upya, na faili lenyewe ni lazima uwe nalo. Kwa mtu wa Kasongo ningesema aachane nayo hata akipewa bure.

Sasa twende dukani. Nenda na laptopu yako, au na fleshi yenye Ubuntu uiwashe kwenye kompyuta ya muuzaji akikuruhusu. Kabla ya kulipa, chomeka kadi, fungua dirisha la amri, andika lsusb. Utaona orodha ya vyote vilivyochomekwa, na kadi yako imo kwa jina au kwa namba. Hiyo inathibitisha tu kwamba waya ni mzima na kadi ina uhai. Andika tena arecord -l. Amri hii huorodhesha kadi ambazo Linux imekubali kurekodi kwazo. Ya kwanza kwa kawaida ni ya laptopu yenyewe. Chini yake, ukiona mstari wa kadi nyingine wenye jina kama CODEC au USB, biashara imekwisha: toa pesa. Ikiwa lsusb inaiona kadi na arecord haiioni, irudishe kwenye sanduku na umwambie muuzaji asante.

Kuna mtego mdogo hapa ambao umewavunja moyo wengi Kongo, nao hauhusiani na sauti hata kidogo. Laptopu zetu nyingi zina kibodi ya Kifaransa au ya Kibelgiji, ambayo mstari wake wa herufi unaanza na A na Z. Ubuntu ikiwashwa kutoka kwenye fleshi bila kuchaguliwa lugha, huichukulia kibodi kuwa ya Kimarekani. Unabonyeza arecord, skrini inaandika qrecord, na kompyuta inajibu kwamba haijui amri hiyo. Ukijaribu alsamixer inatoka qlsq;ixer, na makosa yanakuwa mawili kwa mpigo. Kijana anaamini Linux haina amri hizo, anafunga. Chagua kibodi ya Kifaransa, au ya Kibelgiji kama ndiyo yako, kabla ya kuandika amri yoyote, na A itarudi mahali pake.

Kadi ikishatambuliwa, tatizo linalofuata karibu kila mahali ni lilelile: rekodi iko kimya, au imerekodi lakini sauti inatoka mbali na ina mwangwi wa chumba. Kwenye hali ya pili, kompyuta haikurekodi kwa kadi yako hata kidogo. Imetumia maiki ndogo iliyo juu ya skrini. Njia ya kuhakikisha ni kugonga maiki ya kadi taratibu kwa kidole, kisha kugonga ukingo wa skrini. Kinachosikika kwa nguvu ndicho kinachorekodi. Fungua mipangilio ya sauti, sehemu ya kuingiza, chagua kadi ya USB. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi, fanya vivyo hivyo ndani ya programu yenyewe, na kama uliichomeka kadi baada ya kuifungua Audacity, iambie ichunguze upya vifaa au uifunge na kuifungua.

Kwa ukimya wa kweli, fungua alsamixer, bonyeza F6, chagua kadi ya USB, kisha F4 uone upande wa kurekodi. Neno CAPTURE lisipoonekana, njia ya kurekodi imefungwa; bonyeza kitufe cha nafasi (Space) ifunguke. Kadi nyingine hazionyeshi kitu hapo kabisa. Usihangaike, maana yake vidhibiti vyote viko kwenye vitufe vya mkono. Chunguza basi geini, na chunguza aina ya maiki: maiki ya kondensa haisemi neno bila umeme wa volti 48, na kitufe chake kiko kwenye kadi. Maiki ya dainamiki haiuhitaji.

Ukitaka kuondoa kila kitu kilicho katikati na kuiuliza kadi yenyewe, tumia amri moja:

arecord -D plughw:CODEC -f S16_LE -r 48000 -c 2 -V stereo jaribio.wav

Badala ya CODEC weka jina uliloliona kwenye orodha. Nasisitiza jina, si namba, kwa sababu namba hubadilika kufuatana na kilichotangulia kuchomekwa. Leo kadi ni ya 1, kesho ni ya 2, na rekodi inakwenda kwingine bila wewe kujua. Sema maneno machache mbele ya maiki na uangalie vipimo vikipanda chini ya skrini. Ctrl na C kusimamisha. Kompyuta ikilalamika kwamba kifaa kinatumika, kuna programu nyingine imekishika, mara nyingi kivinjari au dirisha la mipangilio, ifunge urudie. Amri hii ikirekodi vizuri wakati Audacity inashindwa, umekwisha kujua kwamba kadi na kiini cha Linux havina kosa, na kazi iliyobaki ni ya mipangilio tu. Ujuzi huo peke yake huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kati ya ALSA na programu zako kuna tabaka moja zaidi. Zamani lilikuwa PulseAudio kwa matumizi ya kila siku na JACK, kazi ya Paul Davis, kwa wanamuziki, na viwili hivyo viligombania kadi moja. PipeWire ya Wim Taymans, Mbelgiji, iliunganisha kazi zote mbili. Fedora iliipokea kwa sauti mwaka 2021, Ubuntu kuanzia toleo la 22.10, Debian toleo la 12 mwaka 2023. Kwa anayeanza leo ushauri wangu ni mfupi: weka toleo jipya lenye PipeWire, na maelekezo yote ya zamani ya kuzima hiki na kuwasha kile yaache yalale.

Kwenye PipeWire utakutana na bafa, yaani kiasi cha sampuli kinachokusanywa kabla ya kompyuta kuzishughulikia. Bafa ya sampuli 256 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde 5 na kidogo. Ya 1,024 ni milisekunde 21. Wapiga gitaa wanapenda ndogo, kwa sababu wanajisikiliza kupitia kompyuta. Laptopu kuukuu ikibanwa hivyo huachia mapengo, na pengo katikati ya ushahidi wa mzee halina tiba. Kumrekodi mtu anayesimulia hakuhitaji haraka yoyote. Weka 1,024:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024

Na kama msimuliaji au mwimbaji anataka kujisikia kwenye hedifoni, tumia kitufe cha kadi kinachopeleka maiki moja kwa moja masikioni bila kupitia kompyuta. Halafu fungua pw-top pembeni. Safu yake ya ERR ikibaki vilevile wakati wa jaribio la dakika kumi, anza kazi.

Lalamiko jingine linalorudi kila mara: sauti inasikika sikio moja tu. Kadi haijaharibika. Tundu la maiki la kwanza ni njia ya kushoto, la pili ni ya kulia, na wewe una maiki moja. Kwenye Audacity tenganisha njia mbili kuwa mono, ufute ile tupu. Au rekodi mono tangu mwanzo, na faili litakuwa nusu ya ukubwa.

Nimeacha umeme mpaka hapa, ingawa Kasongo ndio unaoamua mengi. Taa na simu zinategemea sola na jenereta. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5, na kutoka humo kadi inapaswa kujiendesha na kulisha maiki. Gawa tundu hilo kwa kipanuzi cha bei rahisi chenye fleshi, panya na feni, na kadi itazimika katikati ya sentensi. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, kwa waya mfupi. Maiki ya dainamiki, kama Shure SM58 inayotengenezwa tangu 1966, inasaidia mara mbili: haidai umeme, na inastahimili unyevu na mitikisiko ya pikipiki kuliko kondensa.

Mngurumo unaosikika chini ya rekodi, ule wa mmmm usiokoma, kwa kawaida unaingia kupitia chaja. Inveta za bei nafuu hutoa umeme mchafu, na nyumba nyingi hazina waya wa ardhi. Chomoa chaja. Ukinyamaza, umempata mwenye kosa. Kwa hiyo ratiba ya kazi Kasongo ijipange hivi: betri ijazwe mchana jua likiwa kali, rekodi ifanywe kwa betri peke yake, chaja ikiwa mbali. Kabla ya kumwita mtu, jua pia betri yako inadumu muda gani. Mzee aliyeoga, akavaa kanzu yake na kukaa kitini hastahili kuambiwa arudi kesho.

Na mvua. Nyumba ya mabati wakati wa mvua ya Maniema haina maiki inayoiweza. Chagua nyumba ya nyasi, au subiri ikatike.

Geini iweke kwa kumsikiliza msimuliaji mwenyewe akisema kwa nguvu zake zote, si kwa sauti ya salamu. Mwache aeleze jambo linalomchangamsha, uangalie kipimo: kilele kikae karibu na desibeli -12. Nafasi inayobaki juu ni ya kicheko, ya wimbo, ya kilio. Sauti iliyopita sifuri imekatwa na hairudi, ila iliyorekodiwa chini kidogo unaweza kuipandisha baadaye, hasa kwa biti 24.

Hesabu ya nafasi ni hii. Mono, biti 16, kasi ya 48,000: megabaiti 346 hivi kwa saa. Stereo ya biti 24: gigabaiti moja na kidogo. Kwa msimuliaji mmoja ile ya kwanza inatosha kabisa. Kwaya au maulidi vinastahili ya pili. Ukimaliza, geuza WAV kuwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa hata sampuli moja. MP3 itengenezwe kwa ajili ya kupeana kwenye simu, na isiwe nakala pekee hata kwa siku moja.

Kila unachohitaji kiandae ukiwa mahali penye intaneti. Ubuntu Studio huja na Audacity na Ardour tayari ndani, na kwa toleo la kawaida unaweza kukusanya vifurushi vya deb kwenye fleshi na kuviweka Kasongo bila mtandao. Usisasishe mfumo unaofanya kazi siku moja kabla ya safari ya Kabambare.

Msomaji wa Kasongo au Kabambare mwenye laptopu na kadi inayoitika, nakuomba uanze na mkubwa aliye karibu nawe, babu, bibi, shangazi au jirani. Muombe ruhusa kwanza, na umwambie rekodi itakwenda wapi. Mwanzo wa rekodi useme kwa sauti jina lake, kijiji chake na tarehe, kwa kuwa majina ya faili hubadilishwa lakini sauti hubaki. Kisha toa nakala tatu: moja kwako, moja kwa familia yake, na ya tatu ipelekwe Kindu, makao makuu ya mkoa, na mtu wa kwanza anayesafiri.